Mzee Asiyeweza Kwenda Haja Ndogo

Yako maradhi ambayo wazee wetu huyaficha kwa haya mpaka yamekwisha kuwa makubwa. Mojawapo ni kuzibwa njia ya mkojo. Twayaeleza hapa waziwazi, maana wahenga walisema, Mficha maradhi kilio humfichua.

Chini ya kibofu cha mwanamume iko tezi dume, nayo imeizunguka njia ya mkojo. Umri ukizidi, tezi hii hukua. Kama nusu ya wanaume wa miaka 51 mpaka 60 imekwisha kuanza kukua. Kukua huku si saratani, wala si malipo ya mwenendo mbaya, wala si kulogwa. Lakini huibana njia.

Dalili zake ni hizi: mzee huamka mara nyingi usiku, hungoja sana kabla mkojo haujaanza, nao hutoka kidogo kidogo bila nguvu. Huenda siku moja ukazuia kabisa, na tumbo la chini likavimba kwa maumivu makali. Hapo msingoje kupambazuke, wala msimnyweshe dawa ya kuzibua. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Huko hupitishwa mpira mwembamba mpaka kibofuni, mkojo ukatoka, naye akapata nafuu.

Lakini yuko mwingine asiyeumwa. Mkojo hubaki kibofuni siku nyingi, ukadondoka bila yeye kupenda, nao watu wa nyumbani humnung'unikia kwa harufu ya nguo zake. Huyo naye yumo hatarini, kwa kuwa mkojo uliozuiwa hurudisha nguvu zake nyuma, hata figo zikaharibika kimya kimya.

Daktari huipapasa tezi kwa kidole, hupima mkojo na damu, na kwa ultrasaundi huona mkojo uliobaki. Ndivyo anavyojua hali ya figo, na kama iko shaka ya saratani. Dawa ya tamsulosini huilegeza njia kwa siku chache; ya finasteridi huipunguza tezi, lakini yataka miezi. Zisipofaa, tezi huweza kukwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo, pasipo kupasua tumbo.

Basi, enyi wana, mwulizeni baba kwa adabu, faraghani, kama usiku alala vema. Mwana akiona haya, mjukuu na aulize, maana yeye na babu yake wana utani. Jawabu la mzee laweza kuziokoa figo zake.