Kamera ya Zamani na Mpya: Tofauti Iko Gizani

Ndugu msikilizaji, kijana mmoja anayepiga picha za harusi aliniuliza hivi karibuni: "Mzee, nikope nikanunue kamera mpya, au niendelee na hii yangu kuukuu?" Najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Na kwa kuwa mkopo si zawadi, na riba hailali, nimeona tulizungumze hadharani kwa faida ya wote.

Tuchukue kamera mbili za kampuni moja ili ulinganisho uwe wa haki. Ya kwanza ni Canon EOS 5D, iliyotoka mwaka 2005. Ya pili ni Canon EOS R5, ya mwaka 2020. Zote ni za fremu kamili. Maana yake ni kwamba kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawa na picha moja ya mkanda wa filamu tuliouzoea zamani. Basi ukubwa wa kihisi haukubadilika katika miaka hiyo 15. Nini basi kilichobadilika?

Muuzaji atakutajia kwanza megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vinavyounda picha. Ya zamani ina 12.8, mpya ina 45. Ukisikia hivyo utadhani mpya ni bora zaidi ya mara tatu. Lakini tupige hesabu. Picha nzuri ya kushika mkononi huchapishwa kwa vitone 300 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho, kamera ya mwaka 2005 inatoa picha yenye upana wa sentimita 37 na kimo cha sentimita 24 na ushei. Hiyo ni kubwa kuliko karatasi ya A4. Ile mpya inafika sentimita 69 kwa 46, yaani upana wake haufiki hata mara mbili ya ule wa kwanza. Sasa jiulize: ni wateja wangapi wanaoagiza picha inayozidi A4? Na wale wanaotaka kutumiwa kwenye simu, je?

Kwa hiyo, mchana kweupe, kwa lenzi nzuri na mkono uliotulia, weka picha za A4 kutoka kamera hizi mbili mezani. Hata fundi mzoefu atapata taabu kuzitenganisha.

Jua likizama, mambo hugeuka. Kuna kipimo kiitwacho ISO, ambacho hueleza kamera imeongezewa nguvu kiasi gani ili itumie mwanga hafifu. Kila kipimo hicho kikiongezeka maradufu, mwanga unaohitajika hupungua kwa nusu. Kamera ya mwaka 2005 huishia 1600, na ukiilazimisha, 3200. Mpya hufika 51,200. Sisemi kwamba huko juu kabisa picha ni safi, chenga zitakuwepo. Ila pale kwenye 3200, ambapo ya zamani inahema, mpya bado inafanya kazi bila taabu.

Jambo la pili ni vivuli. Bwana harusi amevaa suti nyeusi, bibi harusi gauni jeupe, na ngozi zetu zina weusi wake mzuri. Ukilinda gauni lisiungue kwa mwanga, nyuso zinazama gizani. Katika kamera ya zamani, ukijaribu kuzing'arisha baadaye kwenye kompyuta, unapata chenga na michirizi. Katika kamera mpya, uso unatoka na rangi yake. Kwa anayepiga picha ukumbini usiku, hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mteja halipi kuona gauni bila mwenye gauni.

Tusisahau uzee wenyewe. Shata ya ile 5D ilikadiriwa kupiga picha 100,000. Ukipiga picha 1,000 kila harusi, hizo ni harusi 100 tu. Anayenunua kamera ya mkononi na aulize kwanza imekwisha kupiga picha ngapi.

Ushauri wangu ni huu. Kama kazi yako ni studio, picha za pasipoti, mahafali ya mchana au mikutano ya nje, usikope kwa ajili ya megapikseli. Nunua flashi nzuri ujifunze kuielekeza kwenye dari jeupe, au lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana. Lenzi hiyo haitapotea bure, kwani lenzi za 5D hufanya kazi kwenye R5 kwa kutumia kiungo maalumu. Lakini kama mkate wako unatoka kwenye kumbi za usiku, na flashi hairuhusiwi au haitoshi, hapo kamera mpya inaweza kurudisha fedha zake. Piga hesabu ya kazi ulizonazo mkononi, si za kutarajia, ndipo uende kwa mkopeshaji.

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia, usiache mbachao kwa msala upitao.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.