Mwenye Zizi Ndiye wa Kwanza Kuhitaji Mboji

Mtu mwenye zizi la ng'ombe nyumbani ni rahisi ajione hana haja na mboji. Samadi anayo, tena bila kununua. Kuhangaika na maganda ya viazi, mabaki ya mchicha na majani yaliyofagiwa uwanjani ni kazi ya asiye na mifugo. Fikra hiyo ina nguvu sehemu kama Machochwe, wilayani Serengeti, kwa Wakurya, ambao ng'ombe kwao ni mali, mahari na heshima. Mimi naamini kinyume chake: kaya yenye ng'ombe ndiyo inayopoteza zaidi kwa kutotengeneza mboji, na ndiyo itakayofaidi zaidi ikianza. Jambo lenyewe si dogo. Jirani na Machochwe ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na mipaka yake haisogei ili mkulima apate shamba jipya. Zamani udongo ukichoka, mtu alifyeka pori jingine. Leo ekari aliyonayo ndiyo atakayowaachia wanawe, na kila gunia la mahindi linalotoka humo limeondoka na rutuba ambayo lazima irudishwe.

Tuanze na zizi lenyewe. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe imo kwenye mkojo. Zizi lisipotandikwa kitu, mkojo huo huzama ardhini au hupaa ukiwa gesi ya amonia. Ile harufu inayochoma pua asubuhi ni mbolea inayoondoka. Samadi inayobaki hukaushwa na jua, kisha mvua huisomba. Nje ya zizi kuna upotevu wa namna nyingine. Mabua ya mahindi na mtama yana kaboni nyingi na naitrojeni haba, kwa hiyo yakiachwa peke yake huchelewa kuoza, na mara nyingi huishia kuchomwa. Majani ya uwanjani nayo hutiwa moto: majivu hubakiza potasiamu na kalisi, lakini naitrojeni karibu yote huenda na moshi. Mabaki ya jikoni yamejaa maji, na yakirundikwa peke yake hunuka na kuvuta nzi. Kila kimoja kinasumbua kwa sababu kimekosa kile ambacho mwenzake anacho. Bakteria wanaoozesha hufanya kazi vizuri palipo na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mabua yamepita mno kiwango hicho. Samadi na mabaki ya jikoni kwa kawaida yako chini yake. Vikichanganywa, hesabu hukaa sawa.

Ushahidi hauko mbali. Katika Ziwa Viktoria, kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, Wakara walijulikana tangu enzi za ukoloni kwa kulima eneo dogo lenye watu wengi bila kulipumzisha. Ng'ombe waliwekwa kwenye shimo ndani ya nyumba na kuletewa malisho. Majani waliyobakiza yalikanyagwa pamoja na kinyesi na mkojo, kisha mchanganyiko huo ukapelekwa shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, wakaifukia irutubishe udongo. Huko India, Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore kati ya mwaka 1924 na 1931, alijifunza kwa wakulima wa Asia na kupanga njia ya kurundika mabaki ya mimea pamoja na samadi, udongo ulionyonya mkojo wa ng'ombe na majivu. Katika miaka ya 1930 njia yake ilifika hadi kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya. Iwe Ukara au Indore, watu hawakutengeneza mboji kwa kukosa ng'ombe. Waliitengeneza kwa sababu ng'ombe walikuwapo.

Kazi yenyewe huanza kwa kutandika. Ng'ombe wale majani ya mabua kama kawaida. Bua gumu wanaloliacha litupwe zizini, likanyagwe na kunyonya mkojo. Matandiko yakiloa vizuri, yatolewe na kurundikwa kivulini karibu na jiko, yakipishana na tabaka za mabaki ya chakula, majani mabichi na udongo kidogo. Lundo lisipungue mita moja kila upande, la sivyo halitapata moto. Likipangwa vizuri, baada ya siku chache joto la ndani hupita nyuzi 55, na hapo mbegu nyingi za magugu hufa, zikiwamo zile zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Samadi mbichi huzirudisha shambani zote. Chomeka mti mrefu katikati ya lundo, uuache kidogo, kisha uuchomoe na kuushika. Ukiwa wa moto na una unyevu, mambo yanakwenda; ukiwa mkavu, mwaga maji; ukiwa baridi na unanuka, hewa imekosekana, pindua lundo. Ukiendelea kulipindua kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa takribani miezi mitatu mboji huwa nyeusi na kunukia udongo. Penye mvua nyingi, kama nyanda za juu za Tarime, lundo likae juu ya ardhi na kufunikwa kwa majani ya migomba. Penye ukame, shimo fupi hutunza maji.

Wapo watakaosema mfuko wa urea ni rahisi zaidi, hasa tangu serikali iliporudisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023. Kwa naitrojeni pekee wako sahihi: mfuko wa kilo 50 una kilo 23, na tani nzima ya mboji kavu mara nyingi ina kilo 10 hadi 20 tu. Lakini urea haiufanyi udongo ushike maji, na katika udongo uliokwisha mboji sehemu ya urea yenyewe husombwa na mvua. Mwenye kununua mfuko ana sababu zaidi ya kuwa na lundo. Wengine wanahofia wanyama. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo nyama na mifupa visiingie kabisa, maana huita mbwa na fisi. Plastiki na betri pia zitengwe.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba kazi hii itawaangukia akina mama, ambao tayari wana maji, kuni na jembe. Itakuwa hivyo mboji ikifundishwa kama jambo la jikoni. Ikianzia zizini, kutandika, kutoa matandiko na kupindua lundo vinakuwa wajibu wa wanaume na vijana wanaochunga, na jiko linachangia maganda tu. Kwa hiyo nawaomba maafisa ugani wa Machochwe na kata za jirani: mnapoitisha mafunzo ya mboji, waiteni kwanza wazee wenye mazizi, na mafunzo yenyewe yafanyikie zizini.