China: Wakulima vibarua ndio wanaopanga kalenda ya mwagizaji

Waagizaji wa nguo, viatu, vyombo na vipuri kutoka Guangzhou na Yiwu wanaifahamu hali hii. Kila mwanzo wa mwaka kiwanda hakipokei oda, wakala hapatikani kwenye simu, na kontena lililotarajiwa Mombasa au Dar es Salaam linachelewa. Wengi husema ni sikukuu tu. Lakini sikukuu rasmi ya Mwaka Mpya wa jadi wa China ilikuwa siku 8 mwaka 2025, wakati viwanda vingi husimama wiki mbili hadi nne. Sababu ni watu wanaofanya kazi humo.

Mwaka 1958 China iliweka utaratibu wa usajili wa makazi unaoitwa hukou. Kila raia husajiliwa kuwa mtu wa mahali fulani, na huduma kama shule na matibabu hufuata usajili huo. Kwa miaka mingi mkulima hakuweza kuhamia mjini kwa hiari yake.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa mwaka 1978. Katika kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, wakulima 18 waligawana kwa siri mashamba ya pamoja ili kila kaya ilime yake. Mavuno yaliongezeka na utaratibu huo ukaenea nchi nzima. Mwaka huohuo serikali, chini ya Deng Xiaoping, ilianza sera ya mageuzi na ufunguaji mlango. Shenzhen ilifanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980. Yiwu, wilaya maskini ambayo wachuuzi wake walikuwa wakibadilisha sukari kwa manyoya ya kuku, iliruhusiwa kufungua soko mwaka 1982. Leo soko hilo lina vibanda zaidi ya 70,000.

Kwa kuwa mashamba hayakuhitaji tena mikono mingi, vijana walikwenda viwandani na kulala kwenye mabweni. Baada ya China kujiunga na Shirika la Biashara Duniani (WTO) Desemba 2001, idadi yao iliongezeka sana. Mwaka 2023 wakulima vibarua walikuwa karibu milioni 300. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, karibu watu milioni 800 wameondokana na umaskini uliokithiri katika miaka 40 ya mageuzi.

Hata hivyo, wengi wao wamebaki na hukou ya kijijini. Ingawa miji midogo imelegeza masharti, katika miji mikubwa bado ni vigumu kumwandikisha mtoto shule ya serikali bila usajili wa hapo. Hivyo watoto wengi hulelewa na babu na bibi, na mzazi huwaona mara moja kwa mwaka, wakati wa Mwaka Mpya. Ndiyo maana hakuna mwenye kiwanda anayeweza kuwazuia. Baadhi yao hawarudi, na kiwanda huanza mwaka kwa kutafuta na kufundisha wapya.

Aidha, wapya wanapungua. Kutokana na sera ya mtoto mmoja, iliyodumu toka 1980 hadi 2015, watu wenye umri wa kufanya kazi walianza kupungua mwaka 2012. Mwaka 2023 umri wa wastani wa wakulima vibarua ulifikia miaka 43. Mishahara imepanda, na baadhi ya viwanda vya nguo na viatu vimehamia Vietnam na Bangladesh.

Pamoja na hayo, bei za viwandani zilishuka mwaka 2023 na 2024, kwa sababu soko la ndani ni dhaifu na washindani ni wengi. Kwa mwagizaji huo ni unafuu wenye hatari ndani yake. Kiwanda kinacholipa mishahara mikubwa na kuuza kwa bei ya chini kinaweza kufungwa moja kwa moja baada ya sikukuu, huku malipo ya awali ya mteja, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30, yakiwa mikononi mwake.

Mwaka Mpya huo huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Oda inayotakiwa kupakiwa kabla yake inafaa iwe kiwandani si chini ya miezi miwili mapema, maana wiki za mwisho meli hujaa na nauli hupanda. Mzigo unaotengenezwa mara tu baada ya likizo unahitaji ukaguzi wa makini zaidi, kwani mafundi wengine ni wageni wa kazi.

Kwa wasafirishaji, safari ya baharini huchukua takriban mwezi mmoja au zaidi. Shehena ya kabla ya sikukuu hufika kwa wingi, kisha hufuata wiki za uchache. Kipindi hicho ndicho kinachofaa kwa mwenye malori ya Kampala, Kigali au Lubumbashi kupeleka magari yake gereji.