Mchezo wa Mezani Wenye "Wachawi": Nguvu Zao Hugawiwa Vipi, na Mzazi Aangalie Nini

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake.

Ama ba'd. Wazazi wanatuuliza juu ya mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wengine wamekuta karatasi za mtoto zimeandikwa "mchawi, daraja la 5, moto mara mbili", wakaingiwa na khofu. Wengine wanasema ni mchezo tu, wala hawataki kuulizia zaidi. Tunaona pande zote mbili zinahukumu kitu ambacho hazijakijua, na hukumu hufuata ujuzi wa kitu kilivyo. Kwa hiyo tutaeleza kwanza mchezo wenyewe, kisha tutaingia katika hukumu.

MCHEZO NI NINI

Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo lake la tano, ambalo ndilo vijana wengi wanalijua, lilitoka mwaka 2014. Vijana wetu wameupata kwa jamaa walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na kwa michezo ya kompyuta kama Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, iliyojengwa juu ya kanuni hizo hizo.

Watu wachache hukaa mezani. Mmoja ni muongozaji, anayesimulia kisa. Kila mmoja katika waliobaki anamwendesha mhusika wake: askari, mwizi, mchawi, kuhani. Mchezaji anasema mhusika wake anataka kufanya nini, na dadu ya pande 20 inaamua kama amefaulu. Hakuna kinachosomwa kwa siri wala hirizi inayoandikwa. "Sihri" iliyomo ni maelezo ya kitabuni na namba za kujumlisha na kutoa.

NGUVU ZINAVYOSAWAZISHWA

Ubishi mkubwa wa wachezaji, na huenda ndio unaousikia ukumbini kwako, ni huu: mbona mchawi ana nguvu kuliko sisi? Kanuni zinajaribu kulijibu suala hilo kwa kumpa kila mmoja kitu na kumnyima kingine.

Askari hupiga kwa upanga bila ya kikomo. Akifika daraja la 5 hupiga mara mbili kwa zamu moja, na hachoki. Mchawi msomi, anayejifunza kwa kitabu, ana akiba. Katika daraja la 5 ana nafasi 9 za kutumia sihri: 4 za ngazi ya kwanza, 3 za pili na 2 za tatu. Zikimalizika, lazima apumzike usiku mzima ili azipate zote tena. Mwili wake pia ni dhaifu. Uhai wake huhesabiwa kwa dadu ya pande 6, na wa askari kwa dadu ya pande 10.

Lakini hizo nafasi 2 za juu ni nzito. Tufe la moto hupigwa kwa dadu 8 za pande 6, wastani wa pointi 28, tena kwa kila adui aliyemo ndani ya duara. Kitabu cha muongozaji chenyewe kinapendekeza dadu 6 kwa sihri ya ngazi hiyo yenye kupiga wengi. Kwa hiyo kundi likipigana vita kimoja kisha likalala, mchawi atamaliza kila kitu na askari atabaki mtazamaji. Mizani imepangwa kwa siku yenye mapambano 6 hadi 8, ili mchawi alazimike kuweka akiba.

Mchawi wa kuzaliwa na nguvu anajua mambo machache kuliko msomi, ila anaweza kuyageuza, kwa mfano kuyarefusha au kuyazidisha. Mwenye mkataba ana nafasi 2 tu tangu daraja la 2 mpaka la 10, lakini humrudia kila akipumzika saa moja. Kuhani huvaa deraya na hutibu wenziwe. Na wote hao wamewekewa kanuni moja: sihri zinazohitaji kushikiliwa kwa umakini haziendeshwi mbili kwa wakati mmoja.

Hizi ni hesabu, na mtoto anayezijua anafanya hesabu. Tumezieleza kwa urefu kwa sababu hukumu inajengwa juu yake.

HUKUMU: MAMBO MATATU

Kwanza, sihri ya kweli. Sihri ni haramu na ni katika madhambi saba yenye kuangamiza, kama ilivyothibiti katika Hadithi ya Al-Bukhaariy na Muslim, na Qur-aan imeitaja katika Suuratul-Baqarah, aya ya 102. Hilo halina mjadala. Lakini mtoto anayehesabu pointi za mhusika wa kubuni hajafanya sihri, wala haifai kumwita mchawi au kumtoa katika Uislamu. Neno hilo ni zito, na mzazi ataulizwa kwalo. Lililobaki ni kumfanya mchawi kuwa shujaa wa kupendeza. Hapa wanachuoni wa zama zetu wanakhitalifiana. Wako wanaokataza kabisa, kwa kuwa ni kuipamba munkari. Na wako wanaoona kisa ni kisa, muda wa kuwa itikadi haiguswi. Sisi tunaona mtoto mdogo, ambaye bado hajatenganisha kisa na ukweli, aepushwe nao.

Pili, chanzo cha nguvu. Hapa ndipo wazazi wengi hawatazami, na ndipo penye hatari ya itikadi. Kuhani katika mchezo huu huchukua nguvu zake kwa miungu, na mchezaji humchagulia mungu wa kumwabudu na kumwomba. Mwenye mkataba huingia ahadi na kiumbe mkubwa, na mmoja wa viumbe wanaotajwa kitabuni ni shetani. Muislamu hatamki maneno ya kumwomba asiyekuwa Allaah wala ya kumuahidi shetani, hata kwa mzaha. Suuratut-Tawbah, aya ya 65 na 66, imewakemea waliosema walikuwa wakicheza tu, na wanachuoni wamechukua humo kwamba mambo ya dini hayafanyiwi mchezo. Wahusika hawa wawili waachwe.

Kijana atasema: "Bila ya kuhani nani atatutibu? Kundi litakufa!" Kwa kanuni zenyewe si kweli. Kila mhusika hurudisha sehemu ya uhai wake katika mapumziko mafupi, askari ana uwezo wa kujirudishia pumzi vitani, na dawa za chupa zimo. Muongozaji akipunguza maadui kidogo, kundi linakwenda bila ya kuhani.

Tatu, dadu. Huenda mzazi aliyeshtushwa na joka na mchawi hakuijali dadu, na katika fiqhi yetu ya Kishaafi'iy hiyo ndiyo yenye dalili ya wazi zaidi. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemfananisha mchezaji wa nardi na mtu aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe, kama alivyopokea Muslim. Kauli sahihi katika madhehebu, kama alivyoitaja Imaam An-Nawawiy katika Al-Minhaaj, ni kuwa nardi ni haramu na sataranji ni makruhu. Tofauti yao ni kwamba nardi inategemea dadu, na sataranji inategemea fikra na hesabu, kama bao letu. Wako wanaosema kinachokatazwa ni kamari tu, lakini kauli mashuhuri ya madhehebu inakataza hata pasipo na pesa. Basi anayemkataza mwanawe dadu za mchezo huu, na yeye kila alasiri anatupa dadu ya ludo barazani, ajue kuwa hukumu ni moja.

JE, UNACHEZEKA BILA YA DADU?

Unachezeka, lakini mizani inahama. Kanuni zinaruhusu katika baadhi ya mambo kutumia 10 badala ya kutupa dadu, kisha kuongeza ustadi wa mhusika, na vitabu vinatoa wastani wa madhara ya maadui. Vijana wanaweza kulitumia hilo kwa kila kitu. Tatizo ni mchawi. Msomi mzuri wa daraja la 5 anamtaka adui afikishe 15 ili aepuke. Adui mwenye nyongeza ya 2 atapata 12 kila mara, hataepuka hata siku moja, na mchawi hatashindwa tena.

Dawa ni kumpa kila upande akiba ya pointi kwa siku, za kuongeza pale unapotaka, mbele ya wote, na kumpunguzia mchawi nafasi zake za juu. Mchezo unakuwa wa kupima na kuhesabu, ukakaribia bao, ukatoka katika kubahatisha.

NASAHA KWA MZAZI

Usichome vitabu kabla ya kuuliza. Kaa na mwanao akuonyeshe karatasi yake, umuulize mhusika wake ni nani na nguvu zake zinatoka wapi. Jibu lake litakuonyesha itikadi yake kuliko upekuzi wa begi. Mwekee masharti: hakuna kuhani wala mwenye mkataba, hakuna dadu, hakuna pesa, hakuna mchanganyiko wa wavulana na wasichana wasio maharimu, na adhana ikitolewa kisa kinasimama. Asiyeweza kuyatimiza masharti haya, basi kuuacha mchezo ni salama zaidi kwa dini yake. Na mwenye hali maalumu amuendee mwanachuoni wa mtaani kwake anayemjua yeye na mwanawe.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi watoto wetu na Atupe hekima katika kuwalea.

Na Allaah Anajua zaidi.