Visiwa vya Chagos: Pepo Isiyokuwa na Wenyewe

Chombo kikitweka tanga katika pwani ya Dar es Salaam na kushika njia ya mashariki moja kwa moja, kitapita kando ya visiwa vya mbali vya Shelisheli, na baada ya safari ya kiasi cha kilomita 3,600 kitaona minazi ikichomoza majini. Hivyo ndivyo Visiwa vya Chagos. Ni visiwa zaidi ya hamsini, vidogo vidogo, vilivyo chini sana, vimepangana kwa duara juu ya miamba ya matumbawe na kuzunguka maji yaliyotulia. Ukiunganisha nchi kavu yote ya visiwa hivyo hupati zaidi ya kilomita za eneo 60 hivi, na karibu nusu yake ni kisiwa kimoja tu, Diego Garcia. Nchi ya watu iliyo jirani ni Maldivi, kiasi cha kilomita 500 upande wa kaskazini.

Wasafiri waliokwisha kutia nanga huko husimulia mambo ya kutamanisha. Maji yake ni maangavu hata matumbawe yaonekana kama yaliyowekwa chini ya kioo. Ndege wa baharini hutaga kwa maelfu. Yuko kaa mkubwa apandaye minazi, ambaye kwingi duniani ameliwa hata amekuwa adimu, lakini huko atembea usiku bila hofu. Kwa miaka mingi wenye mashua za anasa waliozunguka dunia walikuwa wakiomba kibali, wakilipa ada yao, wakakaa majuma kadhaa katika visiwa vya Salomon na Peros Banhos, wakavua samaki na kuota jua. Walipokwisha kurudi kwao waliandika kwamba wameiona pepo ya duniani, mahali ambapo mkono wa binadamu haujagusa.

Neno hilo la mwisho ndilo linalotulazimu kuushika wino. Maana wasafiri hao hao husimulia pia kwamba ndani ya vichaka waliona kanisa lisilo na paa, kisima kilichojengwa kwa mawe, reli ndogo ya kuvutia mikokoteni ya nazi, na makaburi yenye majina. Je, makaburi huchimbwa na nani pahali pasipoguswa na mkono wa binadamu?

Watu walikuwako. Katika miaka ya 1780 Wafaransa waliokuwa wakitawala Morisi, wakati huo ikiitwa Île de France, walianza kupeleka watumwa Diego Garcia wakapande minazi na kukamua mafuta. Watumwa hao asili yao hasa ilikuwa Msumbiji na Madagaska. Na kwa kuwa historia haifichiki, na tuseme pia kwamba katika mwaka wa 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa hivyo vya Wafaransa. Kwa hiyo habari hizi zilianzia katika bahari hii hii ipigayo fukwe zetu, na damu iliyomwagika katika biashara ile si ya wageni kwetu.

Mwaka wa 1814 Waingereza wakapewa Morisi pamoja na visiwa vilivyo chini yake. Utumwa ukafutwa mwaka 1835. Watumwa waliofunguliwa wakabaki pale pale, wakaja na vibarua kutoka Bara Hindi, wakaoana, wakapata lugha yao ya Krioli, ngoma zao, mapishi yao na nyumba zao. Kazi ilikuwa mbata. Kila mfanyakazi alikuwa na hesabu yake ya nazi za kufua na kupasua kwa siku, na akiimaliza muda uliobaki ulikuwa wake wa kuvua, kulima bustani na kulea kuku. Hatusemi ilikuwa maisha ya raha. Mwenye shamba alikuwa ndiye duka, ndiye polisi, na ujira ulikuwa haba. Lakini mtu alizaliwa pale, akazika wazee wake pale, na hakuna aliyemwuliza yeye ni nani.

Swali hilo likaja kuulizwa London na Washington. Marekani ilitaka kituo cha kijeshi katikati ya Bahari ya Hindi, na ilitaka kisiwa kisicho na wenyeji wa kuleta madai. Uingereza ilikuwa karibu kuipa Morisi uhuru. Tarehe 8 Novemba 1965 ikavikata visiwa vya Chagos kutoka Morisi, ikavifanya koloni jipya, na kuilipa Morisi pauni milioni 3. Hebu fikiri: katika miaka ile ile ambapo bendera za wakoloni zilikuwa zikiteremshwa Afrika nzima, koloni jipya lilikuwa likizaliwa. Umoja wa Mataifa ulipiga kelele mwezi wa Desemba mwaka ule ule, haikusikilizwa. Mkataba na Wamarekani ukatiwa saini Desemba 1966, na bei ya wazi haikuandikwa, ila kwa siri Uingereza ilipunguziwa dola milioni 14 katika ununuzi wa makombora ya Polaris.

Sasa ilibaki kuhakikisha kwamba visiwa havina watu. Kwanza maofisa waliandika katika barua zao za ndani kwamba wakazi wale ni vibarua wa kupita tu, na ofisa mmoja mwaka 1966 akawafanyia mzaha kwa kuwafananisha na Tarzan wa hadithi. Kisha mashamba yakanunuliwa na serikali mwaka 1967. Waliokwenda Morisi kwa matibabu au kutazama jamaa zao waliambiwa bandarini, kuanzia 1968, kwamba hakuna meli ya kuwarudisha. Shehena za chakula zikapungua. Mwaka 1971 Diego Garcia ikafungwa. Mbwa wa wakazi wakakusanywa katika banda la kukaushia mbata wakauawa kwa moshi, watoto wakitazama. Watu wakapakiwa katika meli ya Nordvær. Kwa ushahidi wa waliosafiri, farasi wa meneja walipewa nafasi sitahani na watu wakashushwa chini katika ngama. Kufikia mwaka 1973 visiwa vya mwisho, Salomon na Peros Banhos, vikamalizwa. Watu wapatao 1,500 au zaidi walimwagwa Morisi na Shelisheli, wakiwa na kasha moja moja, kazi waijuayo ikiwa ni ya nazi katika mji usioitaka.

Hapa pana jambo moja ambalo lastahili kutazamwa kwa makini. Koloni lile jipya lilikuwa na visiwa vingine pia, navyo ni Aldabra, Farquhar na Desroches, vilivyokatwa kutoka Shelisheli. Waingereza walitaka kujenga uwanja wa ndege katika Aldabra, kisiwa chenye kobe wakubwa wasiohesabika. Habari zilipotoka, wataalamu wa viumbe wa Uingereza na Marekani walisimama kidete. Barua zikaandikwa magazetini, maswali yakaulizwa Bungeni. Mwisho wa mwaka 1967, fedha nazo zikiwa zimepungua, mpango wa Aldabra ukaachwa. Kobe wakasalimika, na leo kisiwa kile ni urithi wa dunia chini ya Shelisheli, iliyorudishiwa visiwa vyake vitatu mwaka 1976. Twafurahi kwa ajili ya kobe. Lakini watu wa Diego Garcia hawakuwa na chama cha wataalamu wa kuwasemea.

Na huo usafi wa Chagos unaosifiwa, tuutazame nao. Misitu ya minazi ambayo msafiri huidhani ya asili ni mashamba yaliyoachwa. Kila safu ilipandwa kwa mikono ya watumwa na wajukuu wao. Panya walioletwa na meli za zamani wamekula mayai ya ndege katika visiwa vingi. Wataalamu walitangaza mwaka 2018 kwamba penye panya ndege ni wachache mno, na kwa kuwa kinyesi cha ndege ndicho kirutubishacho bahari ya karibu, hata samaki wa miamba wamepungua huko. Joto la bahari liliyaua matumbawe mengi mwaka 1998, yakaota tena, yakapigwa tena mwaka 2015 na 2016. Katika Diego Garcia yenyewe matumbawe yalivunjwa na kuchimbwa yapate kutandazwa chini ya njia ya ndege yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 na nusu, ambayo ndege za mabomu ziliitumia kwa vita vya Ghuba mwaka 1991, vya Afghanistan mwaka 2001 na vya Iraq mwaka 2003.

Wenyewe hawakukaa kimya. Akina mama wa Chagos waliandamana na kufunga kula katika Port Louis. Fidia ya pauni milioni 4 ilitolewa mwaka 1982, nayo haikufika katika mikono yote. Olivier Bancoult, mzaliwa wa Peros Banhos aliyeletwa Morisi akiwa mtoto mdogo, aliishtaki serikali ya Uingereza London na akashinda mwaka 2000. Mwaka 2004 amri ya Malkia ikafuta ushindi huo bila kupita Bungeni. Aprili 2010 Uingereza ikatangaza bahari yote ya Chagos kuwa hifadhi, kiasi cha kilomita za eneo 640,000, uvuvi marufuku. Mwaka ule ule ilifichuliwa barua ya kibalozi ya Wamarekani, ambamo ofisa wa Kiingereza alinukuliwa akieleza kwamba hifadhi hiyo ingewafungia njia waliofukuzwa. Baraza la usuluhishi liliamua mwaka 2015 kwamba hifadhi ilitangazwa kinyume cha sheria.

Septemba 2018 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilisikiliza ushahidi wa bibi mmoja wa Peros Banhos, Liseby Elysé. Alieleza kwa Krioli jinsi alivyopakiwa melini mwaka 1973 akiwa na mimba, na jinsi mtoto alivyofariki baada ya kufika. Tarehe 25 Februari 2019 rais wa mahakama, Abdulqawi Yusuf wa Somalia, alisoma rai ya mahakama: Chagos ilikatwa kutoka Morisi isivyo halali, na Uingereza yapasa kuondoka upesi iwezekanavyo. Mwezi wa Mei Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6.

Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba. Kwa maneno yake, visiwa vyote vyawa vya Morisi, lakini Diego Garcia yabaki mikononi mwa jeshi kwa miaka 99, kwa malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Morisi yaruhusiwa kuwarudisha watu katika visiwa vingine, isipokuwa Diego Garcia. Asubuhi ile ile wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walikwenda mahakamani London kuuzuia, wakidai kwamba hakuna aliyewauliza. Saini ikacheleweshwa kwa saa chache tu.

Februari 2022 wazee wachache walikuwa wamefika Peros Banhos kwa meli iliyokodiwa na serikali ya Morisi, safari ya kwanza isiyokuwa na askari wa Kiingereza pembeni. Walishuka na mapanga na mafagio. Walilisafisha kanisa, wakang'oa minazi iliyoota kati ya kuta, wakafyeka makaburini mpaka majina yakasomeka. Kisha wakapanda tena melini, maana hakuna nyumba ya kulala.