Ray Lema: Ngoma ya Kongo Mbele ya Okestra

Ukiwaambia watu wa Kasongo kwamba kuna Mkongo anayetungia okestra za Ulaya, fidla na selo na tarumbeta, wengi watauliza kama bado anakumbuka ngoma za kwao. Mimi naona swali lifaalo ni jingine: ngoma hizo zinaingiaje kwenye karatasi ya noti bila kuvunjika? Hapo ndipo kazi ya Ray Lema inapofundisha.

Raymond Lema a'Nsi Nzinga alizaliwa mwaka 1946 Lufu-Toto, Kongo ya Chini. Akiwa kijana aliingia seminari ndogo akitaka kuwa padri, na huko akajifunza kinanda cha kanisa na piano. Upadri haukutimia, muziki ukabaki. Alipiga na wanamuziki wa Kinshasa, wakiwemo Tabu Ley na Abeti, kisha mwaka 1974 akakabidhiwa uongozi wa muziki wa Baleti ya Taifa ya Zaire. Kwa maoni yangu, hii ndiyo shule iliyomfanya mtunzi, kuliko seminari. Ilimbidi azunguke nchi kutafuta wapiga ngoma wa makabila mbalimbali, kisha awafanye wapige pamoja watu wasiojua lugha wala ngoma za wenzao. Mwaka 1979 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa Rockefeller Foundation, na baadaye akahamia Ufaransa.

Kwa nini kuwapatanisha wapigaji ni kazi ngumu? Chukua mzunguko wa mapigo 12. Mpigaji wa kwanza anaugawa katika mafungu manne ya mapigo matatu, kwa hiyo mkono wake unashuka kwenye pigo la 1, 4, 7 na 10. Wa pili anagawa mafungu matatu ya mapigo manne: la 1, 5 na 9. Wanakutana kwenye pigo la kwanza tu, halafu kila mmoja anakwenda njia yake hadi mzunguko uanze tena. Sasa ongeza wa tatu anayeingia kwenye pigo la 3 na kulihesabu kuwa ndilo mwanzo wake. Hakuna anayekosea. Mpigaji wa okestra, hata hivyo, amefunzwa kufuata karatasi na mkono wa kondakta, ambao unamwonyesha mwanzo mmoja kwa wote. Mtunzi akiandika mzunguko ule kwa haraka, fidla zitakaza pigo la kwanza na ngoma itageuka gwaride. Lazima aamue nani akazie wapi, na nani anyamaze ili mwenzake asikike. Mwaka 1998 Lema alitoa albamu *The Dream of the Gazelle* pamoja na okestra ya Sundsvall, Uswidi. Baadaye akafanya kazi na Jazz Sinfônica ya São Paulo. Mwaka 2003 alitunukiwa tuzo ya Django d'Or. Tuzo ni heshima, ila haisemi lolote juu ya saa zilizotumika kuhesabu mapigo.

Filamu nayo inaleta bosi mwingine: saa. Lema ametia muziki katika *Black Mic-Mac* (1986) na katika *Afrique, je te plumerai* ya Mkameruni Jean-Marie Teno. Picha za sinema hupita 24 kila sekunde, na mwongozaji akisema tukio lina sekunde 10, ni 10. Ule mzunguko wetu wa mapigo 12, ukipigwa mapigo manne kwa sekunde, unachukua sekunde 3. Mara tatu ni sekunde 9, inabaki moja inayoning'inia. Mtunzi ana hiari: apunguze mwendo ili kila mzunguko uchukue sekunde tatu na theluthi, au aikate ngoma kabla haijarudi nyumbani na kuiacha sekunde ile kimya. Mchezaji wa kijijini angeuona mkato huo kuwa ukorofi. Kwenye sinema huenda ndio unaomfanya mtazamaji ashtuke.

Huku kusini mwa Maniema, Kasongo ikiwemo, mtunzi ana jambo la ziada la kuangalia: lugha. Lukumbi, ile ngoma ya gogo lililochimbwa inayojulikana kwa Wakusu na Watetela, hutoa sauti za juu na za chini, na kwa hizo hupeleka ujumbe, kwa sababu lugha zenyewe hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili chetu hakina jambo hilo. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Ndiyo maana wimbo wa Kizungu uliotiwa maneno ya Kiswahili hueleweka kanisani, na kasida ya msikitini vilevile hubadilishwa mahadhi bila maana kupotea. Mwalimu wa kwaya wa Kabambare anayetunga kwa Kibangubangu, lugha ya kupanda na kushuka, hana uhuru huo. Sauti ikishuka mahali neno linapotaka kupanda, waumini watasikia neno jingine, au hawatasikia neno lolote, hata kama okestra nzima inapiga nyuma ya kwaya.