Uhandisi wa ujenzi: kazi imejaa Shasha, mlipaji ndiye haba

Shasha, huku Kivu Kaskazini nchini Kongo, imekaa kwenye Barabara ya Taifa namba 2, kati ya Sake na Minova, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Mazao ya Masisi na Kalehe hupita hapa kwenda kulisha Goma. Februari 2024 waasi wa M23 walipoikata barabara hapo Shasha, mizigo ilihamia botini, na vyakula vikapanda bei mjini.

Kijana wa huku anayetaka kusomea uhandisi wa ujenzi, jeni sivili, haoti ndoto ya bure. Ila kabla ya kuchagua, ajue nani atamlipa.

Mlipaji wa kwanza ni serikali. Ofisi ya Barabara, iliyoundwa mwaka 1971, inabeba kilomita 58,129 za barabara nchini, na sehemu ndogo tu ndiyo yenye lami. Tangu 2008 kuna FONER, mfuko wa matengenezo unaotegemea tozo ya mafuta na ya njiani. Vita vikiingia, fedha hizo ndizo hukauka mapema. Mashirika ya misaada hulipa vizuri, lakini mkataba huisha pamoja na mradi. Migodi nayo huajiri: huko Walikale, mgodi wa bati wa Bisie ulilazimika kufungua njia msituni kabla ya kuanza uzalishaji mwaka 2019. Wanaobaki ni wenye nyumba wa Goma, ambao wengi humtegemea fundi mwashi na kumkwepa mhandisi ili kubana gharama.

Kubana huko ni hasara. Ardhi ya Kivu ina miteremko mikali, mvua nyingi na mawe ya volkeno. Mei 2023 mafuriko na maporomoko yalizikumba Bushushu na Nyamukubi, kusini ya Minova, yakaua watu zaidi ya 400. Barabara zetu huanza kufa pale mtaro unapoziba au kalavati linapokuwa dogo kuliko mto. Kwa hiyo mwanafunzi aweke nguvu kwenye hesabu za maji, upimaji wa udongo na makadirio ya gharama. Maghorofa yatafuata.

Shule zipo humu mkoani: chuo kikuu cha ULPGL mjini Goma kina uhandisi wa ujenzi, na Butembo kuna taasisi ya majengo na kazi za umma. Mzazi asiulize karo peke yake. Aulize kama kuna maabara ya udongo, na kama mwanafunzi atapelekwa kiwanjani kushika vifaa mwenyewe.

Mhandisi kijana asisubiri tenda kubwa ya lami. Aungane na wenzake, wasajili kampuni ndogo, waombe mikataba ya kusafisha mitaro na kukarabati madaraja ya miti kwenye barabara za mashambani. Na wanaotoza magari njiani, wawe nani, wana deni kwa wakulima wa Shasha: fedha ya barabara irudi barabarani. Bila hilo tutaendelea kusomesha wahandisi wanaoishia kuuza vocha huku malori yakinasa matopeni.